Stika Nyekundu ya Profesa

Kijana huyu ninamfahamu vizuri kuliko ninavyopenda, kwa hiyo nitasema yote. Alikwenda ughaibuni kusomea historia ya sanaa, na mwaka wa kwanza aligundua jambo moja tu la maana: maonyesho ya picha yakifunguliwa, wageni hula bure. Wenzake wa bwenini walimwita Profesa kwa sababu ya skafu aliyojifunga hata siku za joto. Yeye alidhani wanamheshimu.

Skafu hiyo, pamoja na viatu vya ngozi vyenye ncha kali, ndiyo iliyokula nauli yake. Mama yake alikuwa amemtumia pesa ya tiketi ili aje nyumbani likizo, baada ya miaka mitatu ya kuonana kwenye simu. Profesa akaona haifai mtu wa sanaa kuzunguka mjini na raba zilizoachama mdomo. Likizo ikakaribia, mama akawa anauliza aje siku gani kumpokea, naye akawa anamjibu kwa sauti ya mtu mwenye tiketi mfukoni.

Jumamosi moja, akiwa kwenye ufunguzi wa maonyesho na mdomo umejaa, alimwona msimamizi wa ukumbi akibandika stika ndogo nyekundu kando ya picha. Akauliza, akaambiwa ndiyo desturi ya kumbi zote za picha mjini: picha yenye stika imeshauzwa, inasubiri tu maonyesho yaishe ichukuliwe. Papo hapo bwana mmoja aliyekuwa ameipita picha hiyo mara mbili bila kuitazama akasimama mbele yake, akaanza kusikitika kwamba amechelewa. Picha ileile, ukuta uleule. Profesa akaacha kutafuna.

Jumatatu alikuwa dukani kununua karatasi nzima ya stika nyekundu.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Alichagua picha, akasubiri msimamizi ageuke, akabandika. Kisha alisimama kando yake, mikono nyuma, akimngoja mtu mwenye koti zuri avute pumzi ya majuto. Hapo alimfunulia kwa upole kwamba mnunuzi ni yeye. Akibembelezwa, alikubali kwa shingo upande kumwachia mwenzake nafasi, kwa kifuta jasho kidogo mkononi, akabandua stika na kumwelekeza kwa msimamizi. Ukumbi uliuza picha, mnunuzi alifurahi, na Profesa alilipwa kwa kuacha kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Hakujiita tapeli, Mungu apishe mbali. Alijiita dalali wa hisia.

Mara mbili mambo yakajipa, nauli ikakaribia kutimia. Za mwizi ni arobaini, walisema wahenga, lakini hawakuwa wamekutana na Profesa. Yeye hakufika hata ya nne.

Ya tatu ilikuwa kwenye ukumbi mdogo juu ya duka la baiskeli, harufu ya mpira ikipanda hadi kwenye picha. Msimamizi alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba, anafuma sweta dirishani. Profesa alichagua picha ya kiti kitupu kando ya mlango uliokuwa wazi. Hakuipenda, ila ilikuwa kwenye kona asipotazama yule mama. Akabandika.

Haikupita nusu saa akaingia mzee mwenye koti refu, kofia mkononi, akasimama mbele ya kile kiti na kuvuta pumzi. Aliuliza kama kweli imeshauzwa. Profesa akamjibu kwa masikitiko kwamba ameinunua yeye. Mzee akataka kujua ameona nini ndani yake.

"Mzee wangu, hiki si kiti kitupu," alisema Profesa. "Kuna mtu aliahidi kuja. Aliyemo ndani amekitoa, amekifuta, amekiweka mlangoni penye upepo. Na huyo mtu haji."

Sauti ilimtetemeka kidogo, akajipongeza kimoyomoyo kwa kipaji. Mzee akataja kifuta jasho. Profesa akakataa. Mzee akaongeza mara mbili, na sindano za yule mama zikasimama. Hapo nauli ilikuwa imetimia na chenji juu. Mtu mwenye akili angesema asante. Profesa alikumbuka koti moja aliloliona dirishani mwa duka.

"Siiachi kwa bei yoyote," akasema, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima.

Mzee akaiweka kofia kifuani. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Alisema basi hawezi kumnyang'anya, maana picha aliichora yeye mwenyewe, imening'inia pale miaka kumi na moja, na alitaka tu kujua kama mnunuzi anaipenda kwa dhati. Akamshika mkono na hakuuachia. Msimamizi alikuwa ameshafika na kitabu cha risiti.

Profesa alijaribu kueleza kwamba huenda stika imebandikwa kimakosa na mtu mwingine. Yule mama akaishusha miwani.

"Stika zangu nakata mwenyewe kwa mkasi, mwanangu. Hii ya dukani nimeiona tangu unaibandika. Sasa kuna karatasi mbili: risiti, au barua ya polisi. Nikuandikie ipi?"

Nauli yote aliyokuwa amekusanya ikaishia kwenye risiti. Alikuwa katikati ya ngazi, picha kwapani, aliposikia yule mzee juu akisema bila machozi yoyote, "Mke wangu, lete kiti kingine kutoka stoo, tukitundike palepale."

Jioni aliiegemeza picha ukutani, kwa kuwa chumba hakikuwa na misumari. Simu ikaita. Na hapa siwezi tena kumsingizia mtu mwingine, maana aliyeipokea ni mimi.

"Nimekitoa kile kiti chako, baba," alisema mama. "Nimekifuta vumbi, nimekiweka mlangoni, kuna upepo. Unafika siku gani?"

Nilitafuta uongo, mimi niliyekuwa nao wa akiba, sikuupata hata mmoja. Niliona haya hadi masikio yakawaka. Nikamweleza yote: skafu, viatu, stika, mzee na mkewe. Akauliza kama hivyo viatu angalau vinanitosha.

Nikamwambia vinabana.

"Basi viuze," akasema. "Kiti nakiacha hapohapo."