Malalamiko Dhidi ya Mshenga Aliyesema Naijua Italia

Walthamstow, London
Ijumaa jioni

Kwa Mzee Ulrich,
Mshenga,
Nyakato, Mwanza.

Mzee wangu, shikamoo.

YAH: MALALAMIKO RASMI KUHUSU SIFA ULIZONIPA MBELE YA WAKWE

Natumaini barua hii inakukuta salama, goti limetulia na bibi hajambo. Mimi ni mzima wa mwili. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mzee, mwaka jana mwezi wa kumi ulivaa koti lako la kijivu ukaenda nyumbani kwa akina Keren kupeleka barua yangu ya posa. Kazi uliifanya, posa ikakubaliwa, nami nikakushukuru kwenye simu mpaka salio likaisha. Lakini kwa mujibu wa mashahidi waliokuwepo sebuleni, ulipoulizwa kijana huyu ni mtu wa namna gani, ulijibu kwamba nina miaka tisa Ulaya, kwamba nimeizunguka Italia yote, na kwamba Italia naijua kama chumba changu cha kulala. Kisha ukanyoosha kidole ukutani, kwenye ile picha yangu ya fremu, nimesimama na mnara wa Pisa nyuma yangu, ukasema ushahidi ndio huo.

Maneno hayo yamenitesa siku nane mfululizo, na naandika ili uyafute. Keren amekuwa mgeni wangu wiki tatu, siku hizo nane tulikuwa Italia, na kesho jioni anapanda ndege kurudi. Jumapili ataketi sebuleni pale pale, chini ya picha ile ile, aulizwe na baba yake Italia ilikuwaje. Harusi ni Desemba. Baba yake unamjua. Ni mtu aliyemfukuza fundi kwa sababu alisema rangi itakauka kwa siku mbili ikakauka kwa tatu. Akisikia yaliyotokea huko, mimi sina mke.

Barua hii anakuletea Keren mwenyewe kwa mkono, kwa kuwa ujumbe wa simu yako husomwa na wajukuu kwa sauti. Hajui kilichomo. Sasa naomba uniruhusu nianze.

1. Kuhusu tiketi ya treni.

Kazi yangu unaijua. Nasimama stesheni ya Stratford na kizibao cha kung'aa, nawaelekeza watu treni ya kwenda kwao iko upande gani. Mamia kwa siku wananiuliza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika, ingawa nikifikiria vizuri, aliyepotea atarudije. Kwa hiyo tulipofika stesheni ya Milano, na Keren akauliza kwa upole mbona kila abiria anaingiza tiketi yake kwenye kimashine kabla ya kupanda, nilimjibu kitaalamu. Nilisema kile ni cha watu wanaotaka kumbukumbu.

Keren ni mfamasia, na kazi ya mfamasia ni kusoma maandishi madogo. Alisoma nyuma ya tiketi yake, akaenda kwenye kimashine, akaigonga mhuri, akarudi kukaa. Mkagua tiketi alipopita alimwamkia Keren vizuri, halafu akanigeukia mimi. Nilimtolea kitambulisho changu cha kazi cha London. Alikitazama mbele, akakitazama nyuma, akanirudishia, akaendelea kuniandikia faini. Sasa mzee, mtu asiyejua huuliza, na akiuliza huambiwa. Wewe kwa kusema naijua Italia ulininyima haki hiyo ya msingi.

2. Kuhusu Venisi kukosa maji.

Nilikuwa nimeweka vyumba viwili (nasisitiza viwili, na baba yake ajue hivyo) kwenye hoteli ambayo mtandaoni iliandikwa iko Venisi. Tulishuka stesheni ya Mestre, ambayo kwenye kibao imetanguliwa na neno Venezia, yaani Venisi kwa lugha yao, kwa hiyo lawama si zangu peke yangu. Mji ambao mtoto wa darasa la tatu anajua umejengwa majini, sisi tuliukuta mkavu kabisa. Mabasi yanapita, kuna duka la matairi, kuna mzee anamwagilia maua kwa mpira.

Keren aliuliza maji yako wapi. Nilimwambia msimu huu hupungua.

Tuliyatafuta kwa saa mbili na nusu. Nilimpiga picha pembeni ya mtaro wa maji ya mvua nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, nikamweleza kwamba hiyo ni mifereji midogo, mikubwa iko mbele. Alisimama, akaweka pozi, akatabasamu. Picha hiyo anarudi nayo Mwanza. Mwishowe alimfuata mama mmoja muuza nyanya, wakaongea kwa mikono, akarudi na habari kwamba Venisi yenyewe iko ng'ambo ya daraja, dakika kumi kwa treni. Alirudi pia na nyanya mbili za kupewa. Hapo nilikuwa na nafasi nzuri ya kusema ukweli. Badala yake nilimwambia nilitaka kwanza aone sehemu ambazo watalii hawazijui.

3. Kuhusu sanduku.

Hili ni dogo ila liandikwe. Kabla hajasafiri alinipigia kuuliza abebe sanduku kubwa au dogo. Nikasema kubwa, Ulaya kila mahali pana lifti. Nikamwambia pia aweke unga, maana Waitalia hawajui kula. Aliweka kilo tano. Tulipohamia Venisi ya kweli tulivuka madaraja kumi na moja kwa miguu, na yote ni ya ngazi. Kwenye daraja la saba gurudumu likang'oka, nikajitwika sanduku kichwani. Watalii wawili walinipiga picha wakidhani ni utamaduni. Nilisimama vizuri, wakapiga na nyingine.

Unga tulirudi nao London kama ulivyokwenda. Chakula cha kule Keren alikipenda sana.

4. Kuhusu Pisa.

Hapa nakuomba ukae chini. Tangu zamani Keren alikuwa amesema Italia anataka kitu kimoja tu, kusimama pale nilipopigwa ile picha, naye apigwe hivyo hivyo, ili sebuleni kwao fremu ziwe mbili. Nilijitahidi kumzuia. Nilimwambia mnara umefungwa kwa matengenezo. Siku nyingine nikamwambia wameshaunyoosha. Alinisikiliza, akakata tiketi.

Ukishuka stesheni ya Pisa, mzee, mnara hauonekani. Hakuna mtu aliyewahi kunidokeza jambo hilo. Nilisimama kidogo kama mtu anayekumbuka mambo, kisha nikashika njia kwa mwendo wa kujiamini kuelekea upande ambao, nilikuja kujua baadaye, ulikuwa kinyume kabisa. Nyumba zilizidi kupungua. Tukapita gereji, tukapita uwanja wa mpira wa shule, mvua ikaanza. Keren akauliza ile siku ya picha nilipita wapi. Nikamwonyesha kituo cha mafuta, nikasema nilitokea nyuma yake.

Baada ya saa moja na nusu tuliketi kwenye kituo cha basi, viatu vimejaa maji. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na naona aibu kiasi kwamba nilishindwa kumtazama usoni. Nikamwambia Keren, mimi sijui tuko wapi. Katika miaka tisa ya Ulaya sikumbuki kumwambia mtu wa nyumbani neno sijui.

Mzee, nilitegemea anitukane. Hakunitukana. Aliingiza mkono mfukoni mwa koti langu, akatoa ramani niliyokuwa nikiifuata tangu stesheni, akaisoma juu, akanijulisha kwamba ni ramani ya Firenze, mji mwingine kabisa. Basi likaja, akamwuliza dereva, na baada ya muda si mrefu tukawa chini ya mnara. Akampa simu mama mmoja wa Kijapani atupige picha, sisi wawili pamoja. Akanishika mkono, na mkono huo hakuuachia mpaka tulipopanda treni ya kurudi.

Kitendo hicho nakilalamikia kwa uzito wa pekee kwa sababu sikielewi. Mtu aliyekosewa kiasi kile anapaswa kununa, ili aliyekosa ajue amesimama wapi. Yeye tangu siku ile anacheka ovyo, ananiitia basi, ananikatia tiketi, na mimi silali.

5. Kuhusu picha yenyewe.

Nimefika nisipotaka kufika. Ile picha, mzee, ilipigwa hapa Walthamstow, umbali wa dakika sita kutoka kwangu, katika kijiduka cha piza karibu na soko. Mwenye duka amechorewa mnara wa Pisa ukuta mzima, kuanzia sakafuni hadi darini, kazi safi kabisa. Siku hiyo nilikuwa nimevaa vizuri, nikamwomba mhudumu anipige. Nilimtumia Keren bila maelezo. Yeye ndiye aliyeuliza kama ni Pisa, nami sikutaka kumkatisha tamaa.

Jana tulikwenda sokoni kumnunulia mama yake kitambaa cha meza. Mvua ikatukamata. Nikasema twende nyumbani, yeye akasema ana njaa, akavuka barabara, na katika maduka yote ya mtaa ule mrefu akaenda kufungua mlango wa duka lile. Nikamwambia limefungwa. Mwenye duka akatoka akaniita kwa jina. Keren akatundika mwavuli wake ukutani, polepole, akaketi chini ya mnara. Akala piza yake yote. Akautazama mchoro, akasema rangi imekaa vizuri, akaomba maji. Mimi uma ulinianguka mara mbili. Mpaka naandika hapa sijui kama ametambua au hakutambua, na kuuliza siwezi.

Kwa kuzingatia hayo yote, na kwa kuwa chanzo chake ni ulimi wako na si mwingine, naomba utekeleze yafuatayo. Jumapili asubuhi, kabla Keren hajafika, uende kwa wakwe ukafute kauli. Useme sifa zile zilikuwa za kijana mwingine ambaye ulikuwa mshenga wake wiki hiyo hiyo, ukachanganya. Wakikuuliza kijana huyo ni nani, useme amehama. Uombe picha ikasafishwe kioo, uondoke nayo, isirudi. Ikibidi useme macho yako yana mtoto wa jicho tangu mwaka juzi na hukuwa unaona ulichokinyooshea kidole. Najua macho yako ni mazima. Lakini mshenga ni mtu wa kubeba mizigo ya wawili, na hadi sasa mzigo huu nimeubeba peke yangu, kwenye madaraja kumi na moja.

Nisalimie bibi, nisalimie wajukuu wote wanaosoma kwa sauti, nisalimie jirani yako mwenye redio, na wote wa jumuiya wanaouliza Ulaya kukoje. Waambie ni pazuri, ila kuna ngazi.

Ni mimi kijana wako, ninayetafuta njia kwa adabu,

Kizito
Mwelekeza abiria

Nyongeza, Jumamosi asubuhi.

Mzee, bahasha nilisahau kuifunga, na nimeshakueleza tabia ya Keren kuhusu maandishi. Ameisoma barua hii mezani jikoni, yote, mimi nikiwa nampigia pasi nguo za safari. Blauzi moja imeungua. Amesema haibebi mpaka niongeze mambo manne, na amekaa hapa pembeni anahakikisha.

Kwanza, anauliza barua anayoibeba yeye itakufikiaje kabla yeye hajafika.

Pili, niseme ukweli kuhusu zile sifa. Karatasi uliyosoma siku ya posa niliiandika mimi, neno kwa neno, hadi chumba cha kulala. Ulinipigia ukaniuliza kama Italia tuiache, nami nikakuambia hiyo hasa ndiyo uikazie. Kwa hiyo malalamiko yote hapo juu nayaondoa, na naomba radhi, mzee wangu.

Tatu, alijua kuhusu picha tangu siku ilipoingia kwenye simu yake, miaka miwili iliyopita. Juu kulia, katikati ya anga la buluu, kuna kulabu ya kutundikia makoti, na kwenye kulabu kuna mwavuli wa mtu. Alimwonyesha mama yake siku hiyo hiyo. Wakakubaliana wangoje waone itanichukua muda gani kusema sijui. Kama ningerudi kutoka Italia bila kulitamka, leo angekuwa anarudi nyumbani kumwomba baba yake akurudishie barua yangu ya posa. Nililitamka kwenye kile kituo cha basi. Anasema mtu wa kupotea ataishi naye, mradi awe anasema mapema, kabla viatu havijalowa. Desemba iko pale pale. Nimelia kidogo, pasi nimeizima.

Nne, Jumapili usiende, na picha usiiguse. Baba mkwe anaipenda. Mwavuli alishauona zamani, na kila mgeni akija humsimamisha mbele ya fremu, akamweleza jinsi wenzetu walivyoendelea, kwamba kule hata angani kuna mahali pa kutundika mwavuli.