Vidole Vinne vya Maji, au Jinsi Jomar Alivyomzamisha Mlinzi Kimanzi

Sogezeni viti, enyi watu wa Uthiru na enyi wa Jamhuri mpitao njia, na aliye na sufuria jikoni apunguze moto, kwa maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja. Ni habari ya Jomar mwana wa Rosalinda, mteule wa Visiwa vya Ufilipino, kijana wa miaka ishirini na mmoja na kilo hamsini na mbili akiwa amelowa, aliyevuka bahari ili azivue nafsi za Nairobi. Na jinsi Jumapili moja, mbele ya mashahidi themanini wenye njaa, alivyomzamisha mtu mnene katika maji machache.

Miezi minane alikuwa amepiga vita hivyo vya imani, naye hakuwa ameteka hata kuku. Alibisha malango ya Woodley mpaka mbwa wakamzoea. Kiswahili alikuwa amejifunza kwenye Biblia, hivyo alimwendea mchoma mahindi na kumwambia, "Amin, amin, nakuambia, unipe hindi lililo laini," na watu wakaacha foleni kuja kumsikiliza akiomba chumvi. Walimpenda, lakini kuokoka hawakuokoka. Kila aliyelikubali neno lake alihama mtaa, au alijifungia chooni alipoliona lile shati jeupe likipanda mlima. Na kila Jumatatu mama yake alimwuliza kwa simu swali lile lile: "Umepata hata mmoja, mwanangu?" Naye kila Jumatatu alijibu, "Bado kidogo, Mama." Moyoni alikuwa ameanza kumwuliza Mungu kama hakukosea anwani.

Ndipo akatokea Kimanzi, mwana wa Kitui, ngome ya lango moja huko Woodley, mwenye tumbo lililomtangulia kila aendako kama mpiga mbiu mbele ya sultani. Kazi yake ilikuwa kufukuza wageni, lakini huyu alimwacha aongee kwa sababu zamu ni ndefu. Akamsikiliza miezi mitatu. Mwishowe akasema, "Sawa, kijana, nibatize. Lakini ufanye haraka. Kampuni imenihamishia Lodwar, na basi langu linaondoka Jumapili saa kumi."

Bomba la Uthiru hutoa maji Alhamisi, tena likijisikia. Alhamisi hiyo lilijisikia. Jomar alibeba ndoo sitini, moja baada ya nyingine, kutoka bombani hadi birika la ubatizo lililo nyuma ya kanisa la mabati, mpaka mikono yake ikarefuka na magoti yakaanza kunena kwa lugha. Yalipotosha akapiga mstari wa chaki ukutani, akaandika juu yake: HAPA. Kwa maana Pasta Karanja, mlinzi wa sheria, alikuwa ametamka: "Ubatizo ni maziko. Mtu hazikwi nusu. Hata ukucha ukibaki nje, huyo ameoga tu."

Jumapili ikafika. Ibada ikaisha saa saba, na Jomar, ndani ya joho jeupe lililoshonewa mtu wa kimo cha Kimanzi, akafunua birika.

Maji yalikuwa chini ya chaki kwa vidole vinne.

Akapima tena. Vinne. Kisha upepo ukageuka, ukamletea harufu ya chapati, naye akafahamu yote. Akaenda jikoni akiburuta joho, akasimama mbele ya Peres, aitwaye Mama Ryan, mama wa kwaya na mwenye nyumba aliyempangishia chumba, mwanamke ambaye hata mabati ya kanisa huacha kupiga kelele akikohoa.

"Ni nani," akanena Jomar, mkono juu, "ni nani aliyeyateka maji niliyoyahifadhi kwa ajili ya wokovu?"

"Ni sisi," akajibu Peres, akigeuza chapati. "Ndoo kumi na mbili tu. Ulitaka unga tuukande na mate?"

"Mama Ryan, maji yale yaliwekwa wakfu!"

"Na kabeji je? Huyo mtu wako akitoka majini atakula ushuhuda? Watu themanini, Braza Jomar! Bwana alilisha elfu tano, ndio, lakini hakutuachia maelekezo."

Baraza la vita likakutana kando ya birika. Mmoja akasema Kimanzi apelekwe mtoni. "Mto upi, huu wetu?" akauliza Pasta. "Ataingia na dhambi na atoke na taifodi." Wakampigia mwenye lori la maji, simu ilikuwa imezimwa, kwa kuwa naye alikuwa kanisani. Saa ikawa saba na nusu. Kimanzi alisimama pale na begi lake la safari, akiyatazama maji kama anavyotazama gari asilolijua langoni.

"Kijana," akasema taratibu, "kwetu maji yanayofika magotini tunayaita mafuriko. Una hakika?"

"Usiogope," akasema Jomar, "maana mimi ni pamoja nawe." Naye aliogopa kuliko wote.

Kimanzi naye akavishwa joho, wakaingia. Jomar akataja Majina Matatu, akamwinamisha yule bwana nyuma kama mtu anayelaza kabati, na maji yakampokea Kimanzi kichwa, mabega na miguu. Tumbo halikupokelewa. Joho lilikuwa limemeza hewa, likafura, na katikati ya birika kikatokea kisiwa cheupe chenye kitovu.

"Tumbo!" akapaza Pasta Karanja.

Mara ya pili Jomar aliliegemea tumbo kwa kilo zake zote hamsini na mbili. Likazama kidogo, na upande wa pili yakachomoza magoti mawili, kama mamba wenye kiburi.

"Magoti!"

Kimanzi akaibuka akikohoa. "Pasta, mimi nina basi. Kama Mungu hanitaki aseme tu, nitaelewa."

Maneno hayo yakamchoma Jomar kuliko mkuki. Aliiona Jumatatu ikija, na simu mkononi, na *bado kidogo, Mama*. Akafumba macho akaomba sala fupi kuliko zote za maisha yake: Mmoja tu.

Jibu lilikuja likiwa limevaa aproni. Peres, aliyechoka kungoja huku chapati zikipoa, aliruka ndani ya birika na viatu vyake. "Toka hapo! Kukandamiza mnafanya kama mnabembeleza. Mimi nimekanda unga miaka ishirini!"

Lakini Jomar hakuangalia mikono yake. Alikuwa akiangalia ukuta. Peres alipoketi ili apate nguvu, maji yalipanda kuelekea chaki, karibu upana wa kidole kizima.

Ndipo mwana wa Rosalinda akapanda ukingoni, joho likimchuruzika, akanena kwa sauti iliyosikika hadi Waiyaki Way: "Enyi mama wa kwaya! Ninyi mlioyachukua maji haya kwa ndoo, yarudisheni kwa miili yenu! Ingieni! Ketini! Wala asibaki mmoja aliyekula vizuri!"

 Alto mmoja akavua viatu.

Wakaingia wanne zaidi, alto wawili na soprano wawili, wakilalama juu ya nywele zao, wakabanana ukingoni mwa birika kama mandazi katika karai. Maji yakapanda. Yakaifikia chaki, yakailamba, yakaifuta kabisa. Jomar akapasua hewa ya joho la Kimanzi kwa kofi moja, akataja Majina kwa mara ya tatu, akamlaza yule bwana katikati ya mapaja ya watakatifu.

Pasta Karanja akapiga magoti. Akatafuta tumbo, hakuliona. Akatafuta goti, ukucha, unywele. Birika lilikuwa tambarare kama meza.

"Amezikwa!" akalia, na mabati yakatetemeka kwa vigelegele.

Kimanzi akafufuka akimwaga maji pande zote, akafuta uso, akamkumbatia Jomar mpaka kijana akapotea. "Sasa nimesikia kitu," akasema kwa sauti ndogo, na macho yake hayakuwa yamelowa kwa maji ya birika peke yake. Kisha akauliza, "Chapati ziko?"

Alikula sita, akapanda basi lake la saa kumi.

Jomar hakungoja Jumatatu. Akiwa bado amelowa alimwandikia mama yake neno moja, *Mmoja*, akakaa akilitazama. Alipoinua kichwa alimwona Peres akirudi birikani na ndoo mbili na rundo la sufuria.

"Mama Ryan! Humo mna dhambi za mtu!"

"Za Kimanzi?" Peres akachota. "Ni kusinzia kwenye zamu tu. Sabuni itatosha."

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote vya Uthiru kwamba siku ile nafsi moja iliokolewa kwa ndoo arobaini na nane na wanawake watano, na kwamba aliyeiokoa, Jomar mkuu, mshindi wa tumbo na magoti, alikunja mikono ya joho akachuchumaa kando ya birika, akasugua sufuria mpaka zikang'aa.