Malalamiko Kuhusu Msonge wa Kamachumu Kuota Kona

Kihonda, Morogoro

Kwa Mhandisi Evelyne Lwakatare,
Karakana ya Kuchapa Vitu,
Kitendaguro, Bukoba.

Mheshimiwa Mhandisi,

Nakuandikia kama mteja. Kwamba mimi ni baba yako mkubwa na ndiye niliyekuchagulia jina ni mambo ya ukoo, yasiingie humu.

Nilichora ramani za reli kwa bikari na penseli hadi nikastaafu. Uzeeni nimejifunza kuchora kwa kompyuta, na mchoro wangu wa kwanza ni msonge wa baba yangu, tata kama tulivyomwita, pale Kamachumu, kama ninavyoukumbuka: duara kamili, nyasi toka kileleni hadi chini. Nilikutumia ili mashine yako iuchape kwa plastiki, umpelekee shangazi yako Benigna. Macho yake yamekwisha, naye ameomba kuishika nyumba ya wazazi. Nilimwahidi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyumba ina kona. Umenieleza kwamba mashine haielewi duara. Lazima kwanza ngozi ya umbo ikatwe kuwa wavu wa pembetatu. Nimezihesabu kona kwenye picha, ni kumi na mbili. Mheshimiwa, mimi nimekulia katika nyumba ambayo mtoto akikosea hapakuwa na kona ya kumsimamisha. Malezi yangu yote yametiwa doa.

2. Faili la wavu halibebi vipimo, linabeba namba tupu. Nilichora kwa mita, mashine yako ikasoma milimita. Nyumba ya kwanza uliipiga picha kando ya punje ya kahawa, na kahawa ndiyo iliyoonekana jengo.

3. Ya pili pichani ilikuwa na ukubwa wa kibuyu, nikashukuru, kisha nikatafuta mlango. Unasema programu yako haichapi ngozi yenye tundu, kwa hiyo ilitafuta tundu ikaliziba. Baba yangu alipokea wageni wa Kashozi, wa Muleba na wasiojulikana walikotoka. Leo amefungiwa ndani na programu.

4. Hili ndilo zito. Uliniandikia: "Baba mkubwa, pembetatu zako zimegeuka, mashine inadhani ndani ni nje." Nimelitafakari. Kama ni hivyo, mimi niliyeondoka Kamachumu nikiwa kijana nimekuwa ndani ya nyumba muda wote huu, na nyinyi mliobaki ndio mko nje. Mbona basi hamjaja kunisalimu? Naomba ukoo ukae kikao, uniombe radhi kwa maandishi.

Kwa hiyo nataka wavu mwingine, wenye pembetatu ndogo kiasi kwamba kidole hakitazihisi. Ukisema faili litakuwa zito na kompyuta itagoma, tafuta kompyuta yenye adabu. Na hadi hapo, usimpelekee shangazi yako kitu hicho. Yeye sasa anasoma kwa vidole. Sikubali vidole vyake vikute kona katika nyumba ya mama yake, adhani amesahau.

Nisalimie baba yako, dada yako Immakulata na watoto wake, majirani wote wa Kitendaguro, na migomba ya kibanjani, hasa ile iliyonifahamu.

Ni mimi mteja wako, mwenye uchungu na heshima,
Mzee Nathanael

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha yamejitokeza mawili. La kwanza, mjukuu wangu ameikagua kompyuta. Kipimo cha ulaini wa wavu nilikivuta mwenyewe hadi kwenye pembetatu kubwa kabisa, ili faili liwe jepesi kwenye WhatsApp.

La pili, Benigna amenipigia simu. Kumbe ulishampelekea Jumapili. Anasema aliizungusha nyumba mikononi, kidole kikasimama kwenye ubavu mmoja bapa. "Hapa," akaniambia, "ndipo ukuta ulipobonyea mwaka ule wa mvua, tata akaunyoosha kwa miti, tukawa tunawafunga mbuzi hapo. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Nani alikusimulia?"

Duara kamili lilikuwa kwangu tu, nisiyekuwepo.

Basi usiguse kona hata moja. Ila mlango, mwanangu, uutoboe. Anauliza nikija nitaingilia wapi.