Kijitabu cha Maji cha Mwaka Jana

Ijumaa, 14 Februari

Tumefika kambini, pwani yetu ya Oregon. Mvua inanyesha kwa upande. Safi! Hali ya hewa ya wanaume.

Vance, kaka wa mke wangu, ametutangulia. Yeye halali hemani, ng'o. Amekodi kijumba cha duara hapa hapa kambini, chenye hita, taa na kitanda cha ghorofa. Alikiwahi mwezi wa Agosti, asubuhi ile ile nafasi zilipofunguliwa. Mtu anayeanza kuogopa mvua ya Februari tangu Agosti ana lake jambo.

Corinne, mke wangu, alitazama hema letu, akatazama kijumba, akasema hakuwahi kuota zawadi kama hii Siku ya Wapendanao. Nikajitia hamnazo. Tumewekeana sharti: yeyote kati yetu akilala kwa Vance hata usiku mmoja, mwaka ujao Vance ndiye atakayepanga likizo. Miaka tisa napanga mimi! Sharti lenyewe nimelitoa mimi. Tess, miaka saba, kaliandika kwa kalamu ya rangi na sote tukatia sahihi. Otis, miaka minne, kachora samaki.

Otis kauliza kama kitanda cha mjomba kina ngazi. Nimemwambia ngazi ni za wavivu.

Jumamosi, 15 Februari

Hema linavuja, ila upande wa Corinne tu. Bahati.

Nimeona watoto wanakitupia kijumba jicho. Nikawanong'oneza kwamba hita ya mjomba inakula soksi. Otis akaishika miguu yake yote miwili. Tess akavua soksi moja mbichi, akaenda kuhakikisha. Karudi baada ya nusu saa, soksi kavu, midomo imejaa kakao. Katangaza kwamba hita haili kitu na kwamba mjomba ana biskuti. Huyu mtoto kamrithi mama yake.

Mchana, gatini. Nikatumbukiza dema langu la kunasia kaa, chambo paja la kuku. Kaa kumi na mmoja! Nikamwita Vance aje aone. Kosa. Tess alikuja na rula. Kila mtoto wa pwani hii anajua sheria: jike anarudi majini, na dume mdogo pia. Akawapima mmoja mmoja, akawarudisha kumi. Wa kumi na moja nikamwambia huyu anatosha, tusijione malaika. Akapaza sauti gati zima lisikie: "Baba anataka kuiba jike!"

Wazee watatu waligeuka. Mmoja alitikisa kichwa hata kofia ikamdondoka. Kaa kamrudisha, mimi nimebaki na paja la kuku lililotafunwa.

Vance kapata madume sita. Tumekula kwake. Kula si kulala, sharti liko wazi. Kaa walikuwa na chumvi nyingi. Nilikula wawili kwa adabu.

Jumapili, 16 Februari

Leo kome wa mchangani. Hapa mimi, Leland Pruitt, sina mpinzani! Wanachimbwa maji yakipwa, basi lazima ujue saa. Vance kanunua kijitabu kipya cha maji kupwa na kujaa, kama anavyonunua kila mwaka. Nimecheka. Mimi ninacho cha mwaka jana, bado kizuri. Bahari ni ile ile, mwezi ni ule ule. Kimesema saa tatu asubuhi.

Vance kasema, "Shemeji, saa tatu maji yatakuwa yanajaa. Tena leo ni bamvua, yatapanda kuliko kawaida." Wivu huo.

Tulifika saa tatu. Ufuo ulikuwa mwembamba kuliko nilivyoukumbuka. Corinne na Vance wakabaki na watoto juu kabisa, penye magogo. Mimi na koleo na gambuti zangu nikashuka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama.

Watoto wakaanza kupiga kelele. Nikageuka nisikie vizuri. Walikuwa wanaimba ule wimbo wanaofundishwa chekechea zote za hapa: "Usiipe bahari mgongo! Usiipe bahari mgongo!" Nikawa nawaeleza, kwa upole, kwamba hilo ni la watalii.

Wimbi lilinipiga kuanzia nyuma ya magoti hadi kofia. Koleo limekwenda Japani. Gambuti zilijaa. Nilitambaa hadi kwenye magogo nikitema mchanga. Aliyenivuta hatua za mwisho ni Vance. Akanivua gambuti, akazimwaga maji kwa upole, na hilo ndilo lililoniudhi.

Nguo zangu zote kavu nilizitandika jana chini ya hema kuzuia maji. Zimezuia vizuri mno. Meno yanagongana, siwezi kuand

Jumatatu, 17 Februari

Naandika nikiwa kavu. Tuambiane ukweli: nimelala kwa Vance. Kwa amri ya Corinne.

Watoto walikataa kuja. Tess kasema sahihi ni sahihi, baba. Wamelala hemani na mama yao, kwenye mvua, Otis kakumbatia kofia yangu yenye chumvi. Iliniuma kidogo. Halafu nikalala saa kumi mfululizo.

Asubuhi wamekuja kunijulia hali. Otis kauliza kama kitanda kina ngazi. Nilikuwa nimelala cha juu.

Basi mwaka ujao anapanga Vance. Atatuweka kijumbani na kujisifu. Kichwa kitamvimba hadi kihitaji kijumba chake chenyewe. Nitavumilia kwa ajili ya familia, na kwenye kome nitawaongoza mimi, maana kuna mtu lazima ajue maji.

Kijitabu nimekianika juu ya hita. Kurasa zimeanza kunyooka. Miaka miwili mitatu bado kinayo.