Wiki Niliyoshika Pochi ya Mwanne

Jumatatu, 20 Januari 1997

Sukari imepanda tena. Maharage hayashuki mjini kwa sababu njia ya bara imefungwa. Petroli imeadimika tangu nchi jirani zituwekee vikwazo, na magari ya Bujumbura yamelala. Gari likilala, fundi wa breki naye analala. Kosa si langu!

Leo Mwanne, bila kuinua macho kwenye mashine yake ya kushonea, ameniambia pesa ya chakula itaisha Ijumaa. Ikiisha, Jumamosi anaiuza mashine. Mnunuzi yupo: Madamu Marguerite wa Gihosha, mke wa karani wa serikali, ameshakuja mara mbili kuipapasa. Nimeumia. Mashine hiyo alipewa na marehemu mama yake tulipooana. Tukiila Ramadhani hii, mwezi ujao tutakula nini?

Nikamwambia shida si bei, shida ni mipango. Anipe pochi mimi, wiki moja tu. Amekata uzi, kisha akanipa. Huenda alichoka tu, lakini mimi nimeichukua kama imani.

Jumanne, 21 Januari

Nimetembea kwa miguu mpaka Zone Industrielle, kwenye maghala. Wajinga wananunua sokoni Ruvumera. Mwenye akili anakwenda kwenye chanzo.

Nje ya geti nimekutana na bwana mmoja mwenye kalamu sikioni. Kalamu! Mtu wa ofisi kabisa. Akaninong'oneza kwamba ana kilo nane za maziwa ya unga yaliyoponyoka vikwazo, kwa nusu ya bei. Meupe, laini. Ningeonja, lakini nimefunga. Nikamshukuru moyoni kwamba hakunilazimisha. Nusu ya pochi imekwenda.

Magharibi, adhana. Mwanne akatia vijiko vitatu kwenye chai. Chai ikawa nzito. Akakoroga. Ikazidi. Kijiko kikasimama chenyewe.

"Baba Amissi," akasema, "mi sijaona ng'ombe yenye kutoa muhogo."

Tumekula chai kwa mkono.

Baadaye Twahiru, fundi wa betri anayekaa ng'ambo ya barabara, amenieleza kwamba mfungaji anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi, mradi ateme. Alikuwa anajua, na hakuniambia mapema! Watu wana roho mbaya.

Jumatano, 22 Januari

Nimepata wazo! Sijui kwa nini halikumjia mtu mwingine.

Hapa Buyenzi, mwezi wa Ramadhani, sahani za futari hutembea nyumba kwa nyumba kabla ya adhana. Na sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ni aibu. Basi! Natuma sahani ndogo ya muhogo, inanirudia na nyama.

Nimemwomba Mwanne akaange vitumbua vya ule unga. Nimechagua nyumba sita kwa pua: zile zinazonukia kitunguu na mafuta. Twahiru nimemweka wa kwanza, si kwa upendo. Mwanne amesema huku ni kuomba kwa kutumia sahani. Nimemjibu kwamba ni biashara. Ameendelea kukaanga, lakini sijapenda jinsi alivyokuwa anavigeuza.

Alhamisi, 23 Januari

Ushindi! Sahani zote sita zimerudi. Sambusa za nyama. Ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Wali wenye iliki. Assia, mke wa Twahiru, ametuma chapati nne, na zile za Twahiru nimezila polepole nikifikiria uso wake.

Kwa nini niishie sita? Leo nimetuma kumi na mbili. Sahani ziliisha, nikatumia mifuniko ya sufuria. Pesa yote iliyobaki imekwenda kwenye mawese ya kukaangia. Mwanne ameuliza kesho tutakula nini. Nimemwambia kesho ni sahani kumi na mbili, ahesabu mwenyewe.

Baada ya sala msikitini, mbele ya watu wote, Twahiru akasimama. Akasema katika shida hii ya vikwazo yupo mtu anayelisha barabara nzima bila kujitangaza. Moyo kama huo, akasema, bila shaka unanuia kutufuturisha sote kesho, kwa hiyo hakuna haja ya mtu kumrudishia sahani na mifuniko yake leo, tutakwenda navyo. Akaniuliza kama ni kweli.

Wote wananiangalia. Ningeweza kusema hapana. Lakini jinsi walivyoniangalia! Tangu magari yalale hakuna aliyeniangalia hivyo. Nikasema karibuni. Kwa kweli nilisema karibuni nyote. Hilo "nyote" sijui lilitoka wapi.

Ijumaa, 24 Januari

Pochi tupu. Unga vikombe viwili. Wageni thelathini.

Nimemwambia Mwanne wakati wa daku. Akaweka kikombe chini. Hakupiga kelele. Ningependa apige. Nikapendekeza nishikwe na homa. Yeye akapendekeza nikae mahali asiponiona.

Nimekaa nyuma ya choo tangu asubuhi. Saa sita wanawake wakaanza kuingia uani. Assia na mchele. Mwingine na maharage, mwingine na chupa ya mawese. Nikafikiri sahani zangu zinarudi! Kumbe Mwanne ndiye aliyewaita, na kila mmoja alikuwa na kitenge kwapani. Mwanne anampima, anachukua kitenge, anachukua na chakula. Nguo itakuwa tayari Idi. Malipo ni sasa hivi, na yanapikika.

Alasiri, sufuria tano zilikuwa motoni. Wamekula watu thelathini na mmoja. Twahiru amepakua mara tatu, akitafuta kosa, na hakulipata. Wakaondoka wote mapema kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje usiku, wakiniombea dua. Kusema kweli nilikaribia kulia. Nilimtazama Mwanne akiosha sufuria peke yake, nikataka kumwambia kitu kizuri, lakini sikukipata.

Jumamosi, 25 Januari

Madamu Marguerite amekuja na pesa mkononi na mtu wa mkokoteni. Nilisimama nyuma ya mlango.

"Apana, Madamu," Mwanne akasema. "Iyi mashini ni bwana yangu wa pili. Na yeye anafanya kazi."

Marguerite akacheka mpaka akaketi, kisha akaagiza gauni. Mkokoteni umerudi mtupu. Alhamdulillahi!

Bwana wa pili, amesema. Basi wa kwanza ni mimi. Hajawahi kunisifu hivyo mbele ya mgeni.

Kisha amenyoosha mkono. Nimempa pochi. Haikuwa na uzito wowote wa kujivunia.

Jumapili, 26 Januari

Pochi amechukua, lakini akili ya biashara nimebaki nayo. Ukifikiri vizuri, mpango huu wa kushona kwa chakula ulianza na maziwa yangu. Bila maziwa hakuna vitumbua, bila vitumbua hakuna wageni, bila wageni hakuna vitenge. Sioni kwa nini niache katikati.

Leo msikitini nimewatangazia wanaume: kanzu za Idi, malipo kwa chakula, kabla ya kushonewa. Kufika alasiri nimeandika kanzu arobaini! Mchele, ndagala, mbuzi wawili. Twahiru amejiandikisha wa kwanza, huku akicheka. Sijui kilichomchekesha.

Idi ni wiki mbili tu kutoka leo. Mwanne hushona nguo za wanawake tu, na kanzu hajawahi kugusa, lakini kitambaa ni kitambaa. Mbuzi wa kwanza ameshafungwa uani. Anatafuna kitu chenye maua mekundu, nafikiri ni kitenge cha Assia.

Mwanne nitamwambia akishafuturu.