Kibandiko cha Kupita Mbele

Nikuulize wewe unayesikiliza: umeshawahi kununua nafasi ya mbele katika mstari ambao hakuna anayeuona? Usiharakishe kucheka. Pale Kasongo, katika wiki moja tu, watu sitini na mmoja waliinunua, na muzee Hemedi aliinunua mara tatu, kwa sababu ana simu tatu na roho isiyopenda kutanguliwa.

Muuzaji aliitwa Djamali. Alishuka kwenye pikipiki Jumatatu asubuhi akitokea Kindu, vumbi mpaka kwenye kope, kiatu cha kulia kimefunguka mdomo, lakini shati jeupe limenyooka kama limetoka kwenye pasi sasa hivi. Shati hilo alilibeba ndani ya mfuko wa plastiki na kulivaa nyuma ya kichaka kila alipokaribia mji. Katika mkoba wake mlikuwa na kashe mbili za mpira, yaani mihuri, chupa ya wino, na rundo la vibandiko vya buluu vyenye mshale mwekundu, alivyoviokota ndani ya katoni ya redio. Chini ya mshale palikuwa na maandishi ya Kichina. Djamali hakujua yanasema nini, pengine yanasema usilowanishe, lakini alivitunza miezi minne, akiamini kwamba kitu chenye mshale hakikosi siku yake.

Siku ilifika kabla hajamaliza chai. Pale sokoni, mbele ya meza za mafuta ya mawese, watu wawili walikuwa wanagombana. Mmoja ni muzee Hemedi, muuza mchele, kofia yake nyeupe imeinama upande kwa hasira. Mwingine ni mama Chimène, muuza mafuta, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto Lualaba. Wote wawili walipeleka mali Salamabila, kwa wachimba dhahabu. Bei ya gramu ikipanda kule, wachimbaji hununua bila kubishana, habari huja kwa ujumbe wa simu, na anayeipata kwanza ndiye anayekodi pikipiki kwanza. Pikipiki zenyewe si nyingi.

"Simu yako ililia saa ngapi?" aliuliza Hemedi.

"Saa mbili, papa. Nikaita pikipiki zangu."

"Yangu ililia saa tatu! Mutu aliyetuma ni mumoja, ujumbe ni ule ule. Kwa nini wako unapita mbele?"

"Labda wako ulisimama kwenye barieri ya barabarani kunywa chai."

Soko lote lilicheka. Djamali hakucheka. Aliweka kikombe chini polepole, akasimama, akafunga kifungo cha shingo.

"Mama amesema kweli," alisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali. "Ujumbe nao unapita barieri. Zinasimama kwa mustari, moja nyuma ya ingine. Papa, pikipiki yako iko na vinyeti?"

"Iko. Nalipa kila mwaka, kibandiko kiko mbele pale."

"Na simu yako?"

Hemedi aliitazama simu yake kama mtoto aliyefika shuleni bila kalamu. Hapo ndipo Djamali alipojua kwamba mji ni wake. Watu waliozoea kulipia baiskeli, kibanda, mzani na mlango wa duka, ukiwaambia kuna kibandiko ambacho bado hawajalipa, hawaulizi kama kipo. Wanauliza kinauzwa wapi.

"Mama, nipe simu yako kidogo. Papa, andika ujumbe mumoja, tuma kwangu na kwa mama, pamoja."

Djamali aliishika simu ya Chimène, akaifuta kwa kitambaa kwa heshima kubwa. "Natoa jasho la betri," alieleza. Kumbe kidole gumba, chini ya kitambaa, kiligusa kale kachoro ka ndege kanakozima rezo, yaani mtandao. Hemedi akatuma. Simu ya Djamali, yenye kibandiko mgongoni, ikalia. Ya Chimène kimya. Watu wakasogea. Wakangoja. Kimya. Ndipo Djamali akabandika kibandiko cha buluu, akakipapasa mara mbili, na kidole gumba kikapita tena chini ya kitambaa. Tii!

"Yesu wangu," alisema mama Chimène.

"Nipe mimi vitatu," alisema Hemedi.

"Pole pole, papa. Kwanza fomu."

Maana Djamali alikuwa mtu wa utaratibu. Pesa bila karatasi ni wizi. Pesa yenye karatasi na kashe, hiyo ni huduma. Aliulizia mashine ya kuchapa iko wapi, wakamwonyesha mlango ulio mkabala na meza za mafuta, ambapo mwanamke mwembamba mwenye miwani alikuwa amesimama muda wote akitazama.

Huyo ni Waridi. Ofisi yake ni chumba kimoja chenye sahani nyeupe ya intaneti juu ya bati, paneli tatu za jua, kompyuta mbili, na mashine ya kuchapa aliyoifunika kitambaa cha kufuma kama kitanda cha mtoto. Kazi yake ni kuwatengenezea wafanyabiashara kurasa za intaneti: picha ya mali, bei, namba ya kupiga. Alikuwa na kurasa kumi na tisa, na alizijua kama mtu anavyojua kuku wake. Nyuma ya meza palikuwa na kiti cheusi cha kuzunguka, chenye magurudumu na mahali pa kulaza mikono. Djamali alikiona kabla ya kumwona mwenye nyumba. Akaanza kukaa.

"Hapana, ndugu. Hicho ni cha mutu wa kazi. Benchi iko pale."

Djamali akakaa kwenye benchi. Ukutani alisoma kichwa cha barua ndefu, na chini yake saini mbili. "Hii ni nini?" aliuliza, kwa adabu tu.

Kosa. Waridi alieleza kwa muda wa kupika sombe, yale majani ya muhogo yasiyoiva upesi. Kwamba kule Kinshasa wakubwa wa mawasiliano wanauliza maoni ya watu: je, makampuni yaruhusiwe kuwauzia matajiri njia ya mbele katika intaneti? Kwamba wakiruhusu, ukurasa wa duka la Kasongo utafunguka wa mwisho, baada ya mambo ya wenye pesa, na mteja hangoji, na zile kurasa zake kumi na tisa zitakufa moja moja, naye atafunga mlango. Kwamba maoni ya mji yanapokelewa mpaka Ijumaa jioni, na yanataka majina hamsini. Ameita mikutano minne. Amepata jina lake mwenyewe na la mtu mmoja aliyekuja kuchaji simu, ambaye alidhani anaandikisha betri yake.

Djamali alisikia neno moja kati ya kumi. Macho yake yalikuwa kwenye kiti.

"Pole sana, dada," alisema. "Mimi nataka fomu ya vinyeti ya simu. Kifaransa, kirefu, kizito. Mutu akianza kusoma achoke mustari wa pili."

"Mustari wa pili," Waridi aliandika. "Na wewe utaisoma?"

"Mimi naamini mashine yako."

"Nani anasaini wa kwanza?"

"Mimi mwenyewe, watu wasiogope. Pesa watume kwa namba yangu."

Waridi akavua miwani. "Namba ya mugeni? Hapa? Watakuuliza wewe mutoto wa nani mpaka Ijumaa. Weka yangu. Ijumaa saa nane unakuja kuchukua."

"Na wewe unakata ngapi?"

"Hata kidogo."

Hapo mjanja aliyelala vizuri angesimama, angeaga, na angeondoka hata kwa miguu. Lakini Djamali alikuwa amelala njiani siku tatu, na huruma ikamjia: maskini, mwanamke wa vitabu, hajui biashara. Akasaini wa kwanza, kwa mkunjo mrefu wenye mkia.

Siku zilizofuata foleni ilitoka kwa Waridi ikafika kwenye meza za samaki. Watu wale wale ambao wangekimbilia mvuani kuliko kusaini barua, walisukumana viwiko ili wasaini. Jumatano Hemedi alirudi, amekunja uso.

"Shefu, nimehesabu. Sisi wote sasa tuko mbele. Nyuma iko nani?"

Djamali hakupepesa jicho. "Nyuma iko Kabambare, papa."

Hemedi akatulia, maana jambo hilo alikuwa amelishuku siku zote. Lakini maneno yana miguu. Alhamisi watu saba wa Kabambare waliingia mjini kwa pikipiki, wamekasirika, wakanunua vibandiko vyote saba vilivyobaki.

"Na sasa nyuma iko nani?" waliuliza.

"Lusangi," alisema Djamali, na wakaondoka wameridhika.

Jambo moja tu lilimsumbua. Kila jioni alimwomba Waridi amtumie kwa ujumbe hesabu ya siku, na kila asubuhi simu yake, yenye kibandiko cha kwanza kabisa, ilikuwa kimya.

"Nilituma," Waridi alimwambia. "Labda iko barieri."

Ijumaa baada ya sala, Djamali alilipa mtu wa pikipiki amngoje na injini inanguruma, akaingia kwa Waridi akitabasamu. Chumba kilijaa mpaka dirishani. Alidhani wamekuja kumuaga. Waridi alisimama, karatasi mkononi.

"Niliwaita niwasomee kwa Kiswahili kile mulichosaini." Akakohoa. "Sisi wafanyabiashara wa Kasongo na miji jirani tunaomba kwamba katika intaneti asipatikane mutu wa kuuziwa nafasi ya mbele. Ujumbe wa maskini na wa tajiri zipite njia moja."

"Soma tena," alisema Hemedi. Akasoma tena. "Na nani ameandika upuuzi huo?"

"Mimi. Wa kwanza kusaini ni bwana Djamali. Wa pili ni wewe, papa."

Djamali aligeukia mlango. Mlango haukuwepo; alikuwepo mama Chimène, amekaa juu ya dumu la mafuta katikati ya njia. "Kaa, shefu. Bado wanasoma."

Waridi aliomba simu ya Chimène, akagusa kale kachoro ka ndege, akamwambia Hemedi atume ujumbe. Kimya. Akagusa tena. Tii!

"Jumatatu nilikuwa mulangoni," alisema. "Niliona kidole."

"Ulisema unatoa jasho la betri!" Chimène alinguruma, na Djamali akakaa kwenye benchi bila kuambiwa mara ya pili.

Waridi akabonyeza. Pesa za kila mtu zilirudi, na simu zote zikalia kwa pamoja, mifukoni, ndani ya vitenge, chini ya kofia, kelele moja kubwa isiyokuwa na wa mbele wala wa nyuma.

"Pesa zimerudi," alisema. "Majina bado iko hapa. Nayo niliyachukua kwa hila, na hilo ni kosa langu. Anayetaka kufuta lake, kalamu hii."

Hemedi ndiye aliyenyanyuka. Alichukua kalamu, akaitafuta saini yake, akasimamisha ncha juu yake. Waridi alishika ukingo wa meza.

"Wale matajiri wakinunua nafasi ya mbele," aliuliza muzee, "mimi na vibandiko vyangu vitatu nitakuwa wapi?"

"Nyuma ya Lusangi, papa."

Hemedi alifikiri. Kisha akapiga mstari chini ya jina lake, mstari mnene, mara mbili, mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Watatu walijifuta, kwa sababu hakuna mkutano usio na watatu. Waliobaki walitosha na kuzidi. Waridi akatuma barua, na watu wote wakaitazama ile alama ya kijani ikitambaa kwenye kioo cha kompyuta. Ilipokaribia mwisho ikasimama. Mtu mmoja akaanza kuomba dua. Ikatambaa tena, ikafika.

"Na huyu?" Chimène aliuliza, akimwelekezea Djamali kidole chenye mafuta.

Waridi alimtazama. "Mimi nimesema miezi miwili, nikapata majina mawili. Wewe siku nne, mji muzima na Kabambare juu. Mudomo kama huo unatembea na kiatu kilichofunguka? Hebu sema kweli. Ulikuwa unatafuta nini?"

Djamali alikuwa na majibu tayari. Mama mgonjwa Kindu, huyo alikuwa wa kwanza. Wadogo zake yatima, hao wa pili. Alifungua mdomo kumtoa mama. Nje, mtu wa pikipiki alichoka kungoja, na mngurumo ukaenda ukipotea upande wa soko. Mdomo ukafungwa. Macho yake yakapita juu ya vichwa vya watu mpaka nyuma ya meza.

"Kazi," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Nilitaka kazi yenye kiti."