Ngozi Zetu Chini ya Infraredi

Jumatatu, 4 Machi
Mwalimu wa fizikia kasema nafasi ya maonyesho ya sayansi ni moja tu. Yangu! Nimeng'oa taa ya rimoti nikaunda kifaa cha kupima maji na mafuta kwenye ngozi kwa mwanga wa infraredi. Dada yangu mdogo akauliza mbona hakiwaki. Nikamweleza infraredi haionekani. Akasema hata yeye ana gari, ila halionekani.

Jumanne, 5 Machi
Bibi: mafuta. Mama: mafuta. Dada: mafuta tele! Sielewi. Vitabu vinasema ngozi ya wazee hukauka. Bibi alichelewa kupimwa, alikuwa anajipaka losheni. Kasema hamulikwi mtu kapauka, majirani watafikiri hana watoto. Nikamwambia si picha. Akasema penye mwanga pana picha.

Jumatano, 6 Machi
Jirani yangu wa dawati, tunayemwita Msomi, naye anaitaka nafasi. Ana chujio la maji. Kadai kifaa changu kitasema mafuta hata kwa ukuta. Wivu huo! Nimeupima ukuta. Mkavu. Kifaa kizima kabisa. Sasa tatizo nini?

Alhamisi, 7 Machi
Nimeomba wote waje bila losheni. Mama kang'aka: nimemwona yeye ni gogo? Bibi kakubali, ila kasema hamulikwi mtu ana jasho. Wakaenda kuoga, mmoja mmoja, wakarudi wanachuruzika. Bibi: maji. Mama: maji. Dada: maji, na povu. Kichwa kinaniuma.
Baadaye: nimepata! Ngozi hubadilika kwa siku. Jumanne mafuta, Alhamisi maji. Sijaona kitabu chochote kilichoandika hili!

Ijumaa, 8 Machi
Nimesoma matokeo mbele ya darasa. Mwalimu akauliza watu walifanya nini kabla ya kupimwa. Nikajibu kwa fahari: walijipaka, walioga, sisi ni watu safi. Darasa likaangua kicheko. Usafi unachekesha nini? Mwalimu kashika kichwa, kasema nilifikirie sana jibu langu hilo. Nisiporekebisha kosa kufikia Jumatatu, nafasi ni ya Msomi.

Jumamosi, 9 Machi
Nimefikiri mpaka nimeliona kosa. Sikupima mwisho wa juma! Nimembishia Bibi hodi bafuni, akanitolea mkono mlangoni huku akinikemea. Maji! Basi Jumamosi ni siku ya maji. Kesho napima Jumapili, nakamilisha. Namwonea huruma Msomi.